Jenereta Linanguruma, Gari la Umeme Linachaji: Nani Anakula Mafuta?

Kuna picha ambayo hurudi kila baada ya miezi michache kwenye makundi ya WhatsApp. Gari la umeme limeegeshwa, waya umechomekwa ubavuni, na ukiufuata waya huo unakuta umeishia kwenye jenereta la dizeli linalotoa moshi. Chini yake kuna vicheko na kejeli: hao ndio wanaotuambia tuachane na mafuta! Anayeituma huwa ameshafunga mjadala. Anayeipokea, hasa kama ana Toyota IST nje inayommalizia mshahara kwenye sheli, hucheka na kuisukuma kundi linalofuata.

Kejeli hiyo ina haki yake. Mtu aliyeambiwa gari la umeme ni safi, kisha akaona moshi, ana sababu ya kuguna. Lakini ndani ya kicheko hicho kuna dai la kihesabu ambalo halitamkwi: kwamba dizeli ikipitishwa kwenye jenereta ikawa umeme, umeme ukaingia kwenye betri, kisha ukatoka tena kuzungusha magurudumu, lazima mafuta mengi zaidi yatapotea njiani kuliko kama yangemiminwa moja kwa moja kwenye tenki la gari la kawaida. Linasikika kama jambo lisilohitaji ubishi, maana kila hatua hupoteza kitu na hapa hatua ni nyingi. Ukikaa chini na kalamu, hata hivyo, mambo hayaendi hivyo. Na pale ambapo mafuta hupotea kweli, hupotea kwa sababu ambayo wacheka picha hawakuigusa.

Lita moja ya dizeli ina nishati inayokaribia uniti 10, yaani uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU, au kwa tokeni kama uko Kenya. Hakuna injini inayoweza kuzitoa zote. Sehemu kubwa huondoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Injini nzuri ya dizeli, ikipewa mzunguko na mzigo unaoifaa, hugeuza asilimia 35 hadi 40 ya nishati hiyo kuwa kazi. Shida ya injini iliyo ndani ya gari ni kwamba siku nyingi haipati nafasi ya kufanya kazi hivyo.

Fikiria mwendo wa asubuhi kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Gari linasogea mita ishirini, linasimama. Kiyoyozi kinavuta, injini inawaka, kilomita haziongezeki. Dereva anakanyaga mafuta kuwahi nafasi iliyoachwa mbele, kisha anakanyaga breki, na nguvu yote aliyoinunua kwa mafuta inaishia kuwa joto kwenye sahani za breki. Injini yenye uwezo wa kubeba mzigo mkubwa inafanya kazi ndogo sana, na injini inayofanya kazi ndogo hula mafuta mengi kwa kila kazi inayoifanya. Kwa mizunguko ya mjini, kinachofika magurudumuni mara nyingi ni asilimia 20 ya nishati ya mafuta au pungufu. Katika uniti 10 za lita ile, 2 ndizo zimesukuma gari. Ukitoka Chalinze kwenda Segera kwa mwendo uliotulia, gari la dizeli hujirekebisha na huweza kukaribia asilimia 30.

Sasa chukua injini ya dizeli uifunge kwenye jenereta. Haina gia wala foleni, na hakuna dereva mwenye haraka. Kwa umeme wetu wa hezi 50, majenereta mengi ya dizeli huzunguka mara 1,500 kwa dakika kuanzia yanapowashwa hadi yanapozimwa. Likipewa mzigo wa kutosha, jenereta la ukubwa wa kati hutoa uniti 3.5 hivi kwa lita. Chaja na betri zitakata asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo zinazobaki ndani ya betri ni kama uniti 3. Inveta na mota ya gari nazo zina ushuru wao, lakini ni mdogo: mota ya umeme hupeleka magurudumuni karibu asilimia 90 ya inachopokea. Mwisho wa safari hiyo ndefu unabakiwa na uniti 2.7 kwa lita.

Uniti 2.7 kwa njia ya jenereta, 2 kwa injini iliyokwama kwenye foleni. Kwenye barabara kuu mambo yanageuka kidogo: dizeli iliyotiwa moja kwa moja kwenye gari inafikisha 3, na njia ya jenereta inabaki na 2.7 yake. Gari la umeme lina jambo jingine la ziada, kwamba likipunguza mwendo mota yake hugeuka kuwa dainamo na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Likisimama, kinachotumika ni umeme wa kiyoyozi, redio na taa tu. Ndiyo maana foleni inayolitesa gari la mafuta hailitesi la umeme.

Mafundi wa reli wangeweza kutueleza haya zamani. Vichwa vingi vya treni vya dizeli vya TAZARA, na vile vinavyovuta Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi tangu 2017, havina gia kama za lori. Injini ya dizeli huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota, na mota ndizo zinazozungusha magurudumu. Ni jenereta linalotembea, likivuta mabehewa kupanda kutoka pwani hadi bara. Hakuna aliyewahi kulicheka. Wahandisi wa reli walichagua njia hiyo miongo mingi iliyopita kwa sababu injini huachwa izunguke kwa kasi inayoifaa, na mota huwa na nguvu kubwa tangu gurudumu linapoanza kusogea.

Hata barabarani jenereta linalotembea limeshafika, ila wengi hawajalitambua. Nissan Note e-Power, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2016 na sasa imo katika magari yaliyotumika yanayoletwa kwetu, ina injini ya petroli isiyogusa magurudumu kabisa. Kazi yake ni kuzalisha umeme. Gari halina tundu la kuchomeka waya. Mwenye nalo hujaza petroli kama kawaida na kuendeshwa na mota ya umeme. Sifa yake kubwa ni mjini. Kwenye mwendo kasi wa barabara ndefu ubora wake juu ya magari mengine madogo hupungua. Ni mwelekeo uleule tulioupata kwa kalamu.

Miongoni mwa waliokwenda mbali zaidi kulijaribu jambo hili ni Waaustralia, na walikuwa na sababu. Kati ya Australia Magharibi na Australia Kusini kuna uwanda mkavu wa Nullarbor, unaokatwa na barabara kuu ya Eyre yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,600. Kuna kipande cha kilomita 146 ambacho hakina kona hata moja. Gridi ya taifa haifiki huko. Vituo vya barabarani, ambako msafiri hupata mafuta, chakula na chumba cha kulala, hujiendesha kwa majenereta yao wenyewe. Mwenye gari la umeme aliyetaka kuvuka alichomeka kwenye soketi ya kawaida na kukaa hapo saa nyingi akihesabu nyota.

Mwaka 2018 mhandisi mstaafu wa Perth, Jon Edwards, na wenzake wenye magari ya umeme waliamua kulipima suala hilo badala ya kulibishania. Waliunganisha chaja ya kasi ya kilowati 50 na jenereta la dizeli, wakachaji magari kadhaa na kupima mafuta yaliyotumika. Walipata zaidi kidogo ya uniti 3 kwa lita. Walipogawanya kwa kilomita, magari yao yalionekana kutumia dizeli inayolingana na ya magari ya dizeli ya ukubwa wao, na mengine pungufu ya hapo. Edwards hakuishia hapo. Mwaka 2022 chaja yake ilisimikwa katika kituo cha Caiguna, kwenye barabara hiyohiyo ya Eyre, ikiendeshwa na jenereta linalochoma mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaangia chipsi. Chipsi zenyewe hukaangwa palepale kwa ajili ya wasafiri.

Ningeweza kuishia hapo, nikatangaza kuwa wacheka picha wameshindwa. Lakini jaribio la Perth lilikuwa na chaja kubwa inayolipa jenereta mzigo wa maana. Huku kwetu jenereta hununuliwa kwa hofu. Mwenye hoteli anahesabu viyoyozi vyote, majokofu yote, pampu na pasi, anadhani vyote vitawaka kwa dakika moja, kisha anaongeza kidogo kwa ajili ya ghorofa atakayoijenga mwakani. Jenereta linalokuja ni kubwa kuliko mahitaji ya siku yoyote. Saa nane za usiku, wageni wakiwa wamelala, linawaka likilisha taa za korido na majokofu mawili. Ni daladala lililoondoka stendi na abiria wawili: dereva, kondakta na mafuta ni vilevile.

Tuchukue jenereta la kilowati 100, lile ambalo fundi ataliita la KVA 125. Kwa majedwali ya kawaida ya matumizi ya mafuta, likibeba mzigo wake wote hunywa kama lita 28 kwa saa na kutoa uniti 3.6 kwa lita. Likibeba robo ya mzigo hunywa lita 10 hivi, na uniti zinashuka hadi 2.5 kwa lita. Likiwaka bila kulisha chochote bado litataka lita kadhaa kila saa ili kujizungusha lenyewe, feni yake na pampu zake.

Hapo ndipo penye siri. Chukua Nissan Leaf, gari ambalo kwa mwendo wa kawaida hutumia uniti 16 kwa kilomita 100. Ukiongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, jenereta lazima litoe uniti 18 na kitu. Sasa mwenye Leaf awashe jenereta lile la kilowati 100 kwa ajili ya gari lake peke yake, kwa chaja ya nyumbani ya kilowati 7. Jenereta litakunywa zaidi ya lita 5 kwa saa kutoa uniti 7. Kwa kila lita moja gari litakwenda kilomita 7 hivi. Land Cruiser lenye mizigo juu ya paa lingekuwa na haki ya kumcheka.

Rudi hoteli ileile, jenereta lilelile, gari lilelile. Safari hii umeme umekatika, na jenereta limeshawashwa kwa ajili ya wageni. Tayari linabeba kilowati 25 za viyoyozi na jikoni. Leaf inachomekwa. Mafuta ya kulizungusha jenereta yalikwisha kulipwa na hoteli; kinachoongezeka ni yale ya kuzalisha kilowati 7 za nyongeza tu, na hizo hupatikana kwa lita 1.7 hivi kwa saa. Kila lita ya nyongeza imetoa zaidi ya uniti 4. Gari linapata kilomita 22 au 23 kwa lita, mwendo ambao IST haiuoti hata ikishuka mlima.

Kwa hiyo mtu akiniuliza jenereta linachaji gari kwa mafuta kiasi gani, nami namuuliza: lilikuwa linawaka kwa ajili ya nani, na lilikuwa na mzigo gani? Bila majibu hayo mawili mjadala ni kelele tu. Gari moja linaweza kupata kilomita 7 au 23 kwa lita ileile, na tofauti haiko kwenye gari.

Tena kuna jambo ambalo wenye majenereta wanalifahamu kwa uchungu wa matengenezo. Jenereta la dizeli linaloendeshwa muda mrefu chini ya theluthi ya uwezo wake haliunguzi mafuta vizuri. Halipati joto la kutosha, mafuta yasiyoungua hujikusanya kwenye bomba la moshi yakiwa lami nyeusi, nozeli huziba, na siku moja fundi anaitwa kwa haraka. Wapo wanaonunua hita maalumu za kulipa jenereta mzigo wa bandia, yaani wanachoma umeme bure ili injini isiharibike. Betri ya gari ingefanya kazi hiyohiyo, na umeme ungebaki kwa matumizi ya kesho.

Ndiyo maana sehemu ambazo hoja hii ina uzito hasa ni zile zinazoishi kwa jenereta kila siku. Pemba iliishi hivyo hadi 2010, waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga. Kigoma ilisubiri hadi 2022 ndipo gridi ya taifa ilipofika. Kisiwa cha Mafia kimeendelea kupata umeme wa TANESCO kutoka kwenye majenereta, na upande wa Kenya mji wa Mandera umekuwa na kituo chake cha dizeli kilichoongezewa sola, mbali kabisa na nyaya za Nairobi. Mahali kama hapo jenereta haliulizwi kama litawaka. Litawaka. Usiku wa manane mji umelala, mzigo umeshuka, injini inazunguka ikiwa na kazi ndogo. Bajaji na pikipiki za umeme zikichajiwa saa hizo zitakula yale mafuta ya nyongeza yanayotoa uniti 4 kwa lita. Zikichajiwa saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na televisheni, zinaweza kulazimisha injini ya pili iwashwe, na hesabu yote ikaharibika. Tofauti ya saa chache tu.

Petroli na dizeli za kisiwani huvuka bahari kwa chombo kabla ya kufika kwa mlaji. Mwendesha bodaboda wa Kilindoni, Mafia, analipia safari hiyo katika kila lita. Injini ndogo ya pikipiki, yenye kuanza na kusimama kila mita mia, si hodari wa kutunza mafuta aliyoyanunua. Sioni kwa nini kisiwa kisicho na gridi kionekane ni mahali pa mwisho pa kufaa vyombo vya umeme. Umbali ni mfupi, mwendo ni mdogo, jenereta limeshawashwa, na jua lipo bure mchana kutwa. Siku sola itakapoongezwa, pikipiki haitabadilishwa chochote.

Mbugani ni hivyohivyo. Yapo sasa, Tanzania na Kenya, magari ya safari ya Land Cruiser yaliyotolewa injini na kuwekewa mota na betri. Watu huyasifia kwa ukimya, kwamba twiga hakimbii. Mimi nayasifia kwa mafuta. Kazi ya gari la watalii ni mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kusimama nusu saa kwa simba aliyelala huku injini ikiunguruma, kurudi nyuma, kuzunguka kichaka. Injini kubwa ya dizeli haiwezi kupewa kazi mbaya zaidi ya hiyo. Kambi nyingi za mbugani zina sola na jenereta la akiba. Hata siku ya mawingu, jenereta likiwa ndilo linalolisha jikoni, mafuta yanayopitia huko yatalitembeza gari kilomita nyingi zaidi kuliko kama yangetiwa kwenye tenki lake la zamani.

Lakini yapo majenereta ambayo hayafai kuhusishwa na gari hata kwa mzaha. Nina maana ya vile vijenereta vya petroli vinavyobebwa kwa mkono, vya saluni na vibanda vya chipsi. Hata vile vya kampuni zenye jina, vikibebeshwa mzigo wote, hutoa kama uniti moja na nusu kwa lita. Vikibeba robo, uniti moja. Leaf ikilishwa na kijenereta cha namna hiyo itapata kilomita 8 au 9 kwa lita kwa bahati njema, na betri ya uniti 40 itahitaji zaidi ya saa 30 kujaa. Saa thelathini za kelele, jirani akikutazama. Afadhali upande daladala.

Moshi nao una hesabu yake. Lita ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi popote itakapochomwa, iwe ndani ya Hilux au nyuma ya hoteli. Ukipunguza lita umepunguza hewa hiyo. Masizi na gesi chafu ni habari nyingine, na hapa wacheka picha wana pointi. Gari la dizeli la kisasa lina vichujio vya moshi. Jenereta la mitumba lililofungwa uchochoroni, bomba likielekea dirisha la jirani, halina hata kimoja. Anayepitisha mafuta ya gari lake huko anahamisha moshi kutoka barabarani hadi kwenye pua za watu waliolala. Bomba lipandishwe juu ya paa, na jenereta lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa. Wapo waliokufa kwa moshi wa namna hiyo wakiwa usingizini.

Sasa tuingie mfukoni, maana ndiko wengi walikokuwa wakisubiri. Tuseme lita ya mafuta ni shilingi 3,000 za Tanzania, bei isiyo mbali na ile tuliyoizoea miaka ya karibuni. Jenereta zuri linalotoa uniti 3.5 litakuuzia uniti moja kwa shilingi 850 na zaidi, kabla hujahesabu oili, filta na bei ya jenereta lenyewe. Uniti hiyohiyo kwenye LUKU ya nyumbani ni kama shilingi 356. Kilomita 100 za Leaf kwa umeme wa TANESCO ni shilingi 6,500 hivi. Kwa jenereta zuri ni karibu 16,000. IST ikipata kilomita 13 kwa lita ni 23,000. Na kijenereta cha saluni kinakupeleka 34,000 au zaidi. Kwa hiyo jenereta zuri ni ghali kuliko gridi mara mbili na nusu, na bado ni rahisi kuliko petroli. Mtu asiharakishe kulisherehekea hilo: anayenunua jenereta kwa ajili ya kuchaji gari tu atatumia miaka kurudisha hela yake, kama itarudi.

Swali la wengi, hata hivyo, si kuishi na jenereta mwaka mzima. Ni hofu ya kukatika umeme. Kenya inajivunia gridi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua, na tangu 2023 ina bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri. Mwaka huohuo, usiku wa Agosti 25, nchi karibu nzima iliingia gizani na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Tanzania ilipitia mgao mzito kabla ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuwashwa mwaka 2024. Bwawa lina uwezo wa megawati 2,115, na bado nguzo ikianguka mtaani kwenu bwawa halikusaidii. Mwenye kampuni ya mabasi anaona giza hilo kabla hajaliona basi la umeme. Anauliza: nikikosa umeme siku moja je?

Tumjibu kwa kalamu. Tuseme siku 1 kati ya 10 umeme haupo, na Leaf inachajiwa kwa jenereta la hoteli au la ofisi lililokwisha kuwashwa. Katika kilomita 1,000, kilomita 100 tu ndizo zimetokana na dizeli, nazo zimekula lita 4 au 5. IST kwa kilomita 1,000 hizohizo imekunywa lita 77. Hata ukikosea ukatumia jenereta baya lenye mzigo mdogo, ukala lita 14, bado hukaribii 77. Kinachoamua matumizi ya gari la umeme ni zile siku tisa, na mkaguzi mzuri wa hesabu angeanza huko.

Kwa atakayejaribu, mambo machache ya kifundi. Magari mengi ya umeme hukataa kuchaji yakiona waya wa ardhini haupo, na majenereta mengi ya kubebeka huja bila kuunganishwa hivyo. Usitafute njia ya kulidanganya gari. Mwite fundi umeme mwenye leseni aunganishe waya wa ardhini na wa nyutro kama inavyotakiwa. Magari mengi pia yanakuruhusu kupanga ampea za kuchaji. Zipange ili jenereta, pamoja na vitu vingine vinavyowaka, libebe kati ya asilimia 60 na 80 ya uwezo wake ulioandikwa kwenye kibao. Chini ya theluthi unalichafua, na juu kabisa unalichosha. Jaza betri nusu, si lazima ijae. Na kama hakuna jenereta linalowaka kwa kazi nyingine, subiri umeme urudi.